Shajara ya mradi: mitumbwi ya dagaa inayojifunza yenyewe, Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria

Mradi huu ni utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Natengeneza mchezo wa simu unaohusu uvuvi wa dagaa. Mchezaji ana mtumbwi mmoja. Mitumbwi mingine yote ziwani inaendeshwa na akili mnemba ambayo hakuna aliyeiandikia la kufanya, imejifunza kwa kucheza. Kila mtumbwi wa aina hiyo naita mhusika, na pointi anazopewa kwa alichofanya, ambazo ndizo anazojifunzia, naziita tuzo. Swali la tasnifu ni moja: tuzo anayopewa mhusika wa mchezo inabadilisha vipi jinsi anavyolitendea ziwa? Naandika kila hatua inapokamilika, pamoja na bei, ili anayetaka kuirudia kazi hii ajue pa kuanzia na pa kukwepa.

4 Novemba 2024: Zana na ramani

Mchezo unajengwa kwa Godot, injini ya michezo iliyo huria tangu 2014 na isiyodai ada ya leseni. Mafunzo yanafanyika kwa Python, kwa algoriti ya PPO, njia ya kumfunza mhusika kwa kujaribu na kupewa tuzo, iliyotolewa na John Schulman na wenzake mwaka 2017. Nimeichagua kwa sababu inavumilia mipangilio ambayo bado haijakaa sawa, na mwanzoni mwa mradi kama huu hakuna kilichokaa sawa.

Huduma ya bure ya mtandaoni niliyoanza nayo ilikuwa ikikatisha mafunzo usiku wa manane na kupoteza kila kitu, kwa hiyo nimenunua kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye kadi ya picha ya GB 12, kwa shilingi 1,350,000. UPS ni 220,000. Hata ukiwa nayo, hifadhi nakala ya mafunzo kila baada ya hatua 100,000, maana umeme ukikatika kwa saa nyingi UPS haina msaada. Na kwa mwenye fedha kidogo, neno moja: mtandao wa neva (hesabu inayomwamulia mhusika la kufanya) mdogo kama huu hauhitaji kadi kubwa. Kinachokula muda ni ulimwengu wa mchezo wenyewe, na huo unaendeshwa na prosesa. Nunua prosesa yenye viini vingi kwanza, kadi baadaye.

Ramani ina visanduku 48 kwa 48, kila kimoja kikiwakilisha kama kilomita moja, kuanzia Kigongo upande wa kusini hadi maji mapana ya kaskazini mwa jiji. Usiku mmoja una hatua 120, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, yaani kila hatua ni dakika 6. Mhusika ana vitendo 11: kwenda pande nane, kuwasha au kuzima taa, kutupa wavu, na kukaa alipo.

Dagaa wanazaliana kwa kanuni ya Schaefer ya mwaka 1954: ongezeko ni kasi ya kuzaliana, mara samaki waliopo, mara sehemu ya nafasi iliyobaki ziwani. Maana yake ni kwamba samaki wanaongezeka kwa kasi kubwa zaidi wanapokuwa nusu ya wale ambao ziwa linaweza kuwabeba. Ukiwavua kupita hapo, kila usiku unapokea kidogo kuliko jana. Kumbuka nusu hiyo, kila matokeo hapa chini yanapimwa nayo.

25 Novemba 2024: Mtumbwi unaokwenda na kurudi

Tuzo ya kwanza ilikuwa kilo zilizoingia wavuni. Mtumbwi ulijifunza haraka, ukatoka, ukafika kwenye dagaa, ukatupa wavu, ukajaa, ukaendelea kutupa wavu hadi asubuhi. Haukurudi hata usiku mmoja. Msimbo ulikuwa unahesabu kilo wavu unapoinuliwa, hata kama mtumbwi umeshajaa, na hakuna mahali palipoeleza kwamba dagaa asiyefika mwaloni, pale mitumbwi inapofikia na kuuza, si mali.

Basi tuzo ikahamishiwa kwenye mauzo: hupati kitu mpaka ufike mwaloni na mzigo, na mafuta yanakatwa kwa kila kisanduku unachovuka. Hapo mtumbwi ukaacha kabisa kutoka. Mhusika asiyejua lolote anatembea ovyo, na kwa kutembea ovyo si rahisi kuvua, kujaza na kurudi ndani ya usiku mmoja. Alichokutana nacho ni gharama ya mafuta tu, akahitimisha kwamba salama ni kukaa nchi kavu.

Nikaongeza tuzo ndogo ya njiani: ukiwa na mzigo, kila kisanduku unachosogea karibu na mwalo unapata pointi. Mtumbwi ukavua kidogo, ukasogea karibu, ukarudi nyuma, ukasogea karibu, ukarudi nyuma, usiku kucha. Ulikuwa ukivuna pointi za kusogea.

Tatizo hili lina historia ndefu. Mwaka 1998 Randløv na Alstrøm walifunza baiskeli ya kompyuta kwenda mahali fulani, wakaipa tuzo kila inaposogea karibu. Ikawa inazunguka duara pale pale ilipoanzia, kwa sababu kusogea mbali hakukuwa na adhabu. Mwaka 2016 OpenAI walionyesha boti ya mchezo wa CoastRunners iliyopewa tuzo ya pointi za mchezo badala ya kumaliza mashindano. Ilikuta sehemu yenye vitu vya kugonga vinavyojitokeza upya, ikazunguka hapo ikigonga boti nyingine na kushika moto, na bado ikapata pointi nyingi kuliko wachezaji binadamu.

Dawa iliandikwa mwaka 1999 na Andrew Ng, Daishi Harada na Stuart Russell. Kila mahali pape thamani. Tuzo ya ziada iwe thamani ya unapofika, ikizidishwa kwa gama (namba inayoamua thamani ya kesho, inaelezwa mbele), kisha utoe thamani ya ulipotoka. Ukisogea unapata, ukirudi nyuma unarudisha ulichopata, kwa hiyo kuzunguka hakulipi. Wao walithibitisha kihisabati kwamba tuzo ya umbo hili haibadilishi njia iliyo bora, inasaidia tu kuifikia mapema. Kwangu thamani ya mahali ni hasi ya umbali hadi mwaloni, mara kilo zilizomo mtumbwini. Mtumbwi ulirudi nyumbani na mzigo ndani ya hatua milioni mbili za mafunzo.

Ukichukua kitu kimoja tu kwenye shajara hii, chukua kanuni hiyo. Tuzo ya njiani isiyo na marejesho itaibiwa.

15 Desemba 2024: Mbalamwezi, Igombe

Nilikwenda mwalo wa Igombe kuonyesha mchezo kwa watu wanaovua. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa ilikuwa nchi kavu na watu walikuwa wanashona nyavu. Nimekubaliana na wote niliozungumza nao kwamba majina yao hayataandikwa popote.

Mzee mmoja alikuwa amekaa na wavu mapajani, sindano ya nyavu mkononi, nyuma yake taa za sola zimepangwa na maboya yake. Nikamwamkia, akaniitikia, akanikaribisha nikae kwenye ndoo iliyofunikwa. Aliangalia skrini muda mrefu bila kusema, mikono ikiendelea na kazi.

"Mwanangu, hawa vijana wako hawalali?"

Nikamwambia wanavua kila usiku.

"Na mbalamwezi kama hii? Mwezi ukiwaka, taa yako inamwita nani?"

Dagaa huvuliwa kwa taa. Giza likiwa totoro, taa moja juu ya maji inakusanya wadudu na dagaa, kisha wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikiwa kali mwanga umetapakaa ziwa zima, na dagaa hana sababu ya kuifuata taa. Nilikuwa najua hivyo tangu utotoni kama anavyojua kila mtu wa Kanda ya Ziwa, na hakikuwamo kwenye msimbo.

Akauliza la pili, na hili ndilo lililobadilisha mradi: "Huyu amejuaje kwamba dagaa wako pale? Anaona chini ya maji?"

Ndiyo, alikuwa anaona. Mhusika alikuwa anasoma idadi ya samaki wa kila kisanduku moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya mchezo. Nikamuuliza mzee yeye anajuaje. "Najua nilipopata jana. Na naangalia wenzangu. Taa iliyokaa mahali pamoja muda mrefu, hapo kuna kitu."

Suala hili si dogo kwa michezo. Mpinzani wa kompyuta anayeona asichokiona mchezaji anachosha kwa sababu humshindi kwa akili. AlphaStar, akili mnemba ya kampuni ya DeepMind, ilipowafunga wachezaji wa kulipwa wa mchezo wa vita wa StarCraft II, mechi zilizoonyeshwa Januari 2019, ilikuwa inaona kila sehemu ya ramani iliyo wazi kwake kwa mkupuo bila kusogeza kamera. Toleo lililolazimishwa kusogeza kamera kama binadamu lilifungwa na mchezaji anayeitwa MaNa. Kwenye utafiti wangu uzito ni mkubwa zaidi. Mvuvi anayeona samaki wote anaweza kujua ziwa linaisha. Mvuvi asiyeona anajua wavu wake tu.

Kwa hiyo mhusika sasa anaona dirisha la visanduku 7 kwa 7 kumzunguka, lenye tabaka tatu: kina cha maji na nchi kavu, taa za wengine, na alichopata mara ya mwisho alipopita hapo. Juu yake kuna namba 10 za hali yake: mzigo, mafuta, saa, umri wa mwezi na nyinginezo. Mwezi unazunguka kwa siku 29.5, na nguvu ya taa inapungua kadiri mwezi unavyong'aa.

Mavuno yalishuka karibu nusu mara tu nilipomfumba macho, na mafunzo yakahitaji hatua mara tano zaidi. Sikurudisha. Baada ya hatua milioni kumi, mitumbwi ilianza kubaki nchi kavu kwenye siku za mwezi mpevu bila kuambiwa, kwa kuwa mafuta yalizidi mauzo. Samaki wakapata siku za kupumua kila mwezi. Grafu ya idadi ya dagaa ilianza kupanda na kushuka kwa mpigo wa mwezi. Nilifurahi sana kuiona.

Usafiri, soda na chakula cha mchana: 45,000.

20 Januari 2025: Gama, au mashine inaona mbali kiasi gani

Kujifunza kwa tuzo kuna namba moja inayoamua thamani ya kesho. Inaitwa gama. Tuzo ya hatua moja mbele inazidishwa kwa gama, ya hatua mbili mbele kwa gama mara gama, na kuendelea. Mifano mingi ya mtandaoni huweka 0.99 na watu hunakili bila kuuliza.

Piga hesabu. 0.99 ikijizidisha mara 120 ni takriban 0.30. Mtumbwi unaotoka saa 12 jioni unayaona mauzo ya asubuhi kwa asilimia 30 tu ya thamani yake. Ndiyo maana mitumbwi yangu ilikuwa inarudi saa 4 usiku na mzigo robo. Nilipoweka 0.997, thamani ya asubuhi ikawa kama 0.70, na mitumbwi ikaanza kuvua hadi alfajiri.

Lakini samaki hawazaliani kwa usiku mmoja. Siku 30 ni hatua 3,600, na 0.997 ikijizidisha mara hizo inabaki chini ya 0.0001. Mhusika huyo hana mwezi ujao kabisa. Akimaliza samaki leo, haoni alichopoteza, kwa sababu hesabu yake imekifuta. Nilikuwa nimeanza kuandika kwenye rasimu ya tasnifu kwamba mitumbwi "ina tamaa". Msimamizi wangu alipigia mstari neno hilo, na alikuwa sahihi. Mashine haikuwa na tamaa, ilikuwa na namba fupi.

Kuipandisha gama hadi 0.9999 hakukusaidia, mafunzo yaliyumba na hayakutulia. Kilichofanya kazi ni kugawa uamuzi ngazi mbili. Ngazi ya juu inaamua mara moja kwa usiku: kubaki nyumbani, au kwenda eneo gani kati ya sita. Ngazi ya chini inaendesha mtumbwi usiku huo. Kwa ngazi ya juu hatua moja ni usiku mzima, na gama ya 0.98 inaipa siku ya 30 thamani ya takriban 0.55. Mtumbwi mmoja ukiwa peke yake ziwani kwa mpangilio huu ulijifunza kubadilisha maeneo, ukaacha eneo lipumzike na kulirudia. Samaki walitulia kidogo juu ya nusu.

3 Machi 2025: Mitumbwi 12 kwenye maji yale yale

Nilipoongeza mitumbwi 11, samaki walishuka chini ya asilimia 10 ya uwezo wa ziwa kabla msimu wa mchezo haujafika nusu. Mitumbwi ile ile, namba zile zile, uono ule ule wa mbali.

Sababu ni kwamba kuona mbali hakusaidii kama unachokibakiza kinachukuliwa na mwenzako usiku huo huo. Mwaka 2017 Julien Perolat na wenzake waliandika juu ya mchezo unaofanana na huu, ambamo wahusika wanachuma matunda yanayoota upya pale tu palipobaki mengine karibu. Wakichuma yote, hayaoti tena. Nilisoma makala yao mapema na bado matokeo yalinishtua, kwa kuwa sasa ilikuwa ramani ninayoijua.

Kwanza kulikuwa na hitilafu ya kuondoa. Taa zilikuwa zinaonekana kupitia visiwani. Mitumbwi yote ilikuwa inajua yote 12 ilipo, kwa hiyo ilijikusanya sehemu moja, ikaimaliza, ikahama pamoja. Nikaweka kanuni kwamba nchi kavu inaziba mwanga. Mporomoko ulichelewa, haukuzuilika.

Nikajaribu kufunga ziwa. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, na nilitaka kuona mitumbwi yangu ingeitikiaje miezi mitatu ya kufungwa. Mitumbwi ilijifunza tarehe. Wiki za mwisho kabla ya kufunga ilivua kwa nguvu isiyo ya kawaida, hata kwenye nusu mwezi, na siku ya kufungua ikatoka yote. Samaki walipanda wakati wa kufungwa, wakarudi walipokuwa ndani ya wiki chache. Hii ni mitumbwi yangu kwenye visanduku 48 kwa 48, na mtu asiipeleke kwenye Ziwa Tanganyika la kweli. Inaonyesha kitu kimoja tu: mhusika anayejifunza ataijifunza na sheria pia.

Jaribio lililofuata lilitoka kwa Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Kitabu chake cha 1990 kimejaa mifano ya wavuvi, wafugaji na wakulima wa umwagiliaji waliolinda mali ya pamoja bila kuibinafsisha wala kuiachia serikali peke yake. Mambo mawili aliyoyakuta kwa wale waliofanikiwa nimeyaweka kwenye msimbo: walinzi ni watumiaji wenyewe, na adhabu inaanza ndogo kisha inapanda. Kwenye mialo yetu kuna BMU, vikundi vya wavuvi vinavyosimamia rasilimali, kwa hiyo wazo halikuwa geni kwa mtu yeyote niliyemweleza.

Kanuni ya mchezo ikawa hivi: wastani wa mavuno ukishuka chini ya kiwango, mwalo unatangaza usiku wa kupumzika. Anayetoka anaweza kuonwa na mtumbwi ulio karibu au na walio mwaloni. Faini ya kudumu ilishindwa kwa pande zote. Ikiwa ndogo waliilipa kama gharama ya kazi. Ikiwa kubwa hakuna aliyejaribu kutoka hata usiku ulioruhusiwa, kwani mhusika asiyejua bado aliogopa maji yenyewe. Faini inayoanza na thamani ya ndoo moja ya dagaa na kuongezeka mara mbili kwa kila kosa ndiyo iliyotulia. Samaki walikaa karibu asilimia 40. Si nusu, lakini ziwa halikufa.

26 Mei 2025: Kuingiza kwenye simu

Haraka haraka. Mtandao wa neva una pembejeo (namba zinazoingia) 157, tabaka mbili za nodi 128, na matokeo 11. Jumla ya namba za kujifunza ni 38,155, kama KB 150 tu. Nilipoteza muda mwingi kutafuta namna ya kuendesha maktaba kubwa za akili mnemba ndani ya Android. Hazihitajiki. Toa namba kwenye Python kama faili la kawaida, andika mizidisho ya matriki kwa mkono ndani ya Godot, basi. Kurasa mbili za msimbo. Simu ya zamani yenye RAM ya GB 2 inaendesha mitumbwi 12 bila kukwama na bila intaneti, na kwa mwaloni kutohitaji bando ni jambo kubwa.

Hakikisha kwamba jibu la simu na jibu la Python yanalingana kwa pembejeo ile ile hadi tarakimu ya tano. Yangu hayakulingana kwa sababu ramani ilisomwa kutoka juu kwenda chini upande mmoja, na chini kwenda juu upande mwingine. Mitumbwi yote ilikuwa inakimbilia kusini.

Simu mbili za majaribio zilizotumika: 260,000.

12 Julai 2025: Busisi

Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa 19 Juni, kilomita 3 juu ya maji yale yale niliyoyachora, na sasa kufika ng'ambo hakuna kusubiri kivuko. Nilipanga siku kwa kalenda ya mwezi. Mwezi mpevu ulikuwa 10 Julai, kwa hiyo watu wa dagaa walikuwepo.

Jambo la kwanza lililoharibika lilikuwa saa. Skrini iliandika 18:00, na mchezaji wa kwanza akaniuliza hiyo ni saa ngapi. Nimebadilisha iwe saa 12 jioni, saa 1 usiku, na kuendelea hadi saa 12 asubuhi, kama tunavyohesabu. Kitufe cha taa kilikuwa kidogo mno kwa kidole gumba chenye maji. Kimeongezwa mara mbili.

Cha pili kilinipa sura nzima ya tasnifu. Niliwapa simu mbili watu wawili, kila mmoja na mchezo wake na ziwa lake. Dakika chache tu wakawa wanaambizana: hapa pamekauka, usije, wewe upande wako vipi? Walidhani ni ziwa moja. Nilipowaambia ni maziwa mawili tofauti, mmoja akasema basi mchezo haujakamilika, kwa sababu hakuna anayevua bila kusikia wenzake wanasema nini. Mitumbwi yangu haina mdomo. Inaangalia taa tu.

Kisha kijana mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akaonyesha jumla ya mauzo juu ya skrini.

"Dada, hizi hela zote anachukua nani?"

Nikamwambia ni za mtumbwi.

"Mtumbwi hauli. Tajiri yuko wapi?"

Tajiri ni mwenye chombo. Akanieleza kwa utaratibu jinsi wanavyofanya kwenye chombo anachofanyia kazi. Mafuta na chakula vinakatwa kwanza. Kinachobaki kinagawanywa, fungu la tajiri na fungu la wavuvi. Usiku mkikosa, mafuta ya usiku huo yanadaiwa kwenye mavuno yanayofuata. Alikuwa anachora kwenye mchanga kwa kijiti, mstari wa mafuta, mstari wa chakula, mafungu mawili, na deni likirukia usiku wa pili kwa mshale. Nimepiga picha mchoro ule kwa ruhusa yake, na ndio ninaoutumia kama mchoro rasmi wa muundo wa tuzo kwenye sura ya nne.

Miezi yote hii nimekuwa nikitafiti tuzo na sikuwa nimeuliza ni ya nani. Nayo haikuwa kwenye makala yoyote niliyosoma kuhusu wahusika wanaogombania matunda, kwa sababu huko anayechuma ndiye anayekula.

30 Agosti 2025: Mgawo

Kila mtumbwi sasa una wahusika wawili. Tajiri anaamua kama chombo kitoke na kiasi cha mafuta. Wavuvi wanaamua waende wapi na warudi lini. Kila mmoja ana tuzo yake, na mafunzo yao yanakwenda kwa zamu: hatua milioni moja tajiri anajifunza wavuvi wakiwa wamesimama kujifunza, kisha kinyume chake. Nilipowafunza wote kwa pamoja hakuna aliyetulia, kila mmoja alikuwa anafukuza kitu kinachohama.

Mgawo bila deni haukubadilisha mengi. Samaki walikaa karibu na asilimia 40 ile ile.

Mgawo wenye deni uliharibu karibu kila kitu kilichopatikana tangu Desemba. Usiku wa kukosa unaacha deni la mafuta. Wavuvi wenye deni hawapati fungu mpaka liishe, kwa hiyo wanajifunza kwenda karibu, kuvua chochote, kurudi na kutoka tena. Kupumzika siku za mbalamwezi, ambako walikuwa wamekujifunza wenyewe, kumepotea: mwenye deni anatoka hata mwezi ukiwa mpevu, akipata kidogo, akiongeza deni. Faini za mwalo nazo zikageuka deni juu ya deni. Samaki waliporomoka hadi chini ya asilimia 20. Gama ni ile ile, uono ni ule ule, sheria ni zile zile.

Matokeo haya nimeyarudia kwa mbegu tofauti za bahati nasibu (namba zinazoanzisha kila jaribio kwa bahati tofauti) na mwelekeo haubadiliki, ingawa kina cha mporomoko kinatofautiana. Bado ni ziwa la kompyuta. Lakini nayachukulia kwa uzito kuliko yote yaliyotangulia, na nimeomba muda wa ziada ili yaingie kwenye tasnifu.

Hadi sasa mradi umekula 2,700,000: kompyuta, UPS na simu nilizokwisha kutaja, bando 320,000, umeme 240,000, na 310,000 za usafiri, soda na chakula mwaloni. Anayeanza leo kwa kompyuta aliyonayo anaweza kufika hatua ya Machi kwa chini ya 500,000.

Yanayoendelea: mafunzo ya toleo ambamo deni la mafuta linafutwa kila mwezi unapoandama, na jingine ambamo tajiri na wavuvi wanagawana hasara nusu kwa nusu. Kwenye mchezo, mchezaji atachagua mwanzoni kuwa tajiri au mvuvi. Toleo la kuzungumza kati ya mitumbwi linasubiri, kwa kuwa linahitaji mtandao wa neva mkubwa zaidi na sijapima kama simu za GB 2 zitauweza. Kijana wa Busisi ameomba atumiwe toleo la deni kabla ya mengine, na nimemtumia kwa WhatsApp jana.